Neno Alilofundishwa Esnati

Mwanajuma alimchukia Esnati tangu siku ile ya kwanza alipoinamia mafungu yake ya nyanya sokoni na kuzibonyeza moja moja kwa kucha. Esnati alikuwa Mnyasa, mtu wa Nyasaland, mke wa karani wa reli aliyehamishiwa Tabora mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuja sokoni amevaa viatu. Kiswahili hakukijua, alinunua kwa kidole na tabasamu.

Siku moja akajigusa kifua, akauliza kwa ishara na maneno ya kuokoteza: mtu wa mbali kama yeye, huku anaitwaje?

"Mwizi," Mwanajuma akamjibu, uso mkavu. "Sema: mimi mwizi."

"Mimi mwizi," Esnati akarudia kwa adabu.

Sikuzani, muuza mchicha wa jirani, nusura apaliwe na kicheko. Tangu hapo Esnati akawa anapita soko la Kanyenye akiamkia: "Shikamoo, mama. Mimi mwizi." Wanawake walicheka hadi machozi, wakamwongeza bamia. Naye alirudi nyumbani akiamini kwamba amepata wenzake.

Kisha Ngollo, muuza asali wa Itetemia, akapotelewa na kibuyu. Alipiga yowe huku soko limefurika watu. Wanaume wakageuka, wakamwona mwanamke wasiyemjua amesimama karibu na kikapu cha Ngollo.

"We mwanamke, u nani?"

Esnati aliingiwa na hofu. Akatoa neno pekee la kujitambulisha alilokuwa nalo, pamoja na lile tabasamu. "Mimi mwizi, baba."

Kofi la kwanza lilimwangusha. Kadiri walivyompiga ndivyo alivyozidi kulipaza neno lile, akidhani hawajamsikia.

"Waambie basi!" Sikuzani akamnong'oneza Mwanajuma.

"Waambie wewe. Kwani wewe hukucheka?"

Sikuzani akageukia mchicha wake. Askari wa soko akamburuta Esnati kwenda bomani, kinywa kinavuja damu, mguu mmoja hauna kiatu.

Muda si muda kibuyu kikaonekana nyuma ya magunia ya Ngollo mwenyewe. Akakipangusa vumbi. "Lakini si alikiri kwa kinywa chake?" akasema, na watu wakaafiki kwamba kweli, alikiri.

Nyanya alizonunua Esnati zilikuwa zimetapakaa mavumbini. Mwanajuma akaziokota, akazifuta kwa pindo la kanga, zilizopasuka akazigeuza ufa ukae chini, akapanga fungu jipya. Kisha akaanza kuita wateja.