Mbuzi Aliyegoma Mlimani

Kama kuna mtu nitakayemshukuru mpaka nizeeke, ni shemeji yangu fundi, ila usoni simwambii, maana kichwa chake ni kikubwa tayari. Ni mdogo wa mume wangu. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, chumba kimoja chenye sakafu iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Usidhani ni mchafu. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, waya ziko kwenye kopo lake, na kitambaa cha kufutia mikono kimekunjwa vizuri kuliko shuka zangu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Wagonjwa wangu wako juu, kwenye mashamba ya mlimani ambako gari halifiki, ndiyo maana kituo chetu kilinipa pikipiki ndogo ya njia mbovu, nyepesi, tairi zake meno matupu. Kwa jinsi inavyopanda mawe, tukaipa jina la Mbuzi. Nampenda Mbuzi kupita kiasi, nakubali. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye wakati mume wangu yuko melini, hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Kwake yeye ilikuwa ni "hilo dude lako", na siku nilipolileta nyumbani alilitazama kama mtu anayetazama matope kwenye zulia.

Matatizo yalianza na mvua. Mbuzi akawa anakohoa, anawaka na kuzima. Shemeji akafungua kabureta, akamimina petroli iliyokuwa ndani yake kwenye glasi, akaja nayo mpaka barazani kwetu. Chini ya petroli kulikuwa na matone ya maji, yametulia kama shanga.

"Maji yanapita kwenye kifuniko cha tanki," alisema. "Raba yake imechakaa. Nitakutafutia nyingine."

Mama mkwe alikuwa pembeni kwenye cherehani yake, pini mdomoni. Ameshona nguo za watu maisha yake yote, na mkono wake bado hautetemeki. Hakuinua hata macho.

Shemeji akakausha tanki, na kwa siku chache Mbuzi akawa mzima. Kisha ukaja ugonjwa mpya. Asubuhi anawaka kwa teke la kwanza. Tunatoka mjini vizuri, tunaanza kupanda, na tukikaribia kona ya mawe meupe nguvu zinamwishia kidogo kidogo mpaka anazima. Nashuka. Nafungua tanki kuona kama mafuta yapo, nakuta yapo, nafunga, napiga teke, anawaka kama hakuna kilichotokea. Tukienda mbele kidogo, anazima tena. Na nyuma nimefunga sanduku la barafu lenye chanjo, ambayo ikishapata joto ni ya kumwaga.

Shemeji aliifungua ile kabureta mpaka nikaanza kuionea huruma. Alizibua jeti, vile vitundu vyembamba vinavyopitisha petroli, kwa uzi mmoja wa waya. Alilitikisa boya, kile kidude kinachoelea ndani yake, sikioni kusikiliza kama limeingiza mafuta ndani. Alibadilisha plagi, akaosha chujio la hewa. Kila alipomaliza, Mbuzi alinguruma pale karakanani mpaka majirani wakafunga madirisha. Kesho yake ananiacha kwenye kona ile ile.

"Shemeji," nilimwambia, "mimi nikimtibu ng'ombe, kisha akaanguka, nikamtibu tena akaanguka, mwenye ng'ombe ananifukuza na mbwa."

"Ng'ombe wako wanakueleza wanaumwa wapi?"

"Hawasemi."

"Basi na Mbuzi hasemi. Nipe muda, shem."

Muda ndio sikuwa nao. Mkuu wa kituo aliniita ofisini akanifungia mlango, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Sikulaumu wewe," alisema. "Lakini chanjo zinaharibika njiani, na wafugaji wanasubiri bure. Ijumaa ukikwama tena, pikipiki itarudi makao makuu. Wewe utakaa hapa upokee dawa na kugawa."

Nilitoka pale nikiwaza hayo. Kukaa kwenye kiti, nikipokea maboksi, wakati kule juu kuna watu ambao hawana daktari mwingine isipokuwa mimi. Nawajua mpaka ng'ombe wao kwa tabia: yule anayepiga teke, yule anayelamba shingo. Niliona ninanyang'anywa kitu ambacho hakuna mtu angenirudishia.

Jioni mama mkwe alinifungulia mlango. Siku hizo alikuwa akivaa kandambili zisizofanana, mguu mmoja kijani wenye soli nyeusi, mwingine buluu ya zamani iliyolika kisigino. Nikadhani ni uzee umeanza kuingia, nikanyamaza nisimtie aibu.

"Limezima tena hilo dude?" aliuliza.

"Limezima, mama."

"Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

Akasimama akifikiri, kisha akaenda kumfuta Mbuzi kwa kitambaa. Swali hilo la mvua alikuwa akiniuliza kila jioni, nami nilidhani anabadilisha mazungumzo ili nisilie mbele yake.

Ijumaa asubuhi shemeji alikuja amevaa kofia ya pikipiki. Akalichukua sanduku la chanjo, akalipakata, akakaa nyuma yangu.

"Leo twende wote," alisema. "Karakanani ananidanganya. Nataka nimwone akigoma kwa macho yangu."

"Na wateja wako?"

"Wateja wangu watanisubiri. Wako hawawezi."

Nilishukuru kuwa nimempa mgongo, kwa sababu machozi yalinilenga hapo hapo.

Mbuzi alipanda na uzito wetu wote bila kulalamika, na moyo wangu ukaanza kupata matumaini. Tulipoikaribia kona ya mawe meupe, nikasikia sauti inapungua. Nikakaza mafuta. Wapi. Akazima.

Nikashuka, na mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tanki.

"Ngoja," alisema shemeji. "Unafanya nini?"

"Naangalia mafuta."

"Kila akizima unaangalia mafuta?"

"Sasa niangalie nini, tairi?"

Hakucheka. Aliliweka sanduku kivulini, akainama, akaweka sikio kwenye tanki.

"Fungua. Polepole."

Nikafungua. Tanki likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyebanwa pumzi kwa muda mrefu. Shemeji akafumba macho, na nilimwona anatabasamu kabla hajayafumbua.

"Kabureta haina kosa," alisema. "Imekufa kiu tu. Petroli ikishuka, lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, petroli inakataa kushuka. Ukifungua kuangalia mafuta, unampa pumzi, anawaka. Na mimi kila nikimpima nafungua tanki kwanza. Tumekuwa tukimponya bila kujua."

Akakipindua kifuniko. Ndani yake, juu ya kitundu cha kupitishia hewa, kulikuwa na raba nyeusi ya mviringo, imekaa sawasawa, ukingo wake hauna hata alama ya mkasi kuteleza.

"Hii nimeiona siku zote," alisema. "Nilijua umenunua dukani."

"Mimi? Nilidhani ni wewe uliyeiweka."

Tukatazamana. Akaibandua kwa ukucha, akaigeuza. Upande wa pili ilikuwa ya kijani.

Nilikaa chini, pale pale juu ya jiwe. Nikauona akilini ule mguu wa buluu uliolika kisigino. Mama mkwe alikuwa amesikia habari ya maji siku ile na pini zake mdomoni, akakata kandambili yake nzuri, akaishona tabaka mbili kwa uzi mweusi, akaziba kila mahali maji yangeweza kupita. Kazi yake ilikuwa safi mno. Hata hewa haikupita.

"Usiitupe," nilisema.

"Nani kasema nitaitupa?" Shemeji alitoa waya wake wa kuzibulia jeti, akaitoboa raba katikati kwa uangalifu, akairudisha. Mbuzi akawaka. Akapanda kona ya mawe meupe, akapanda na zile zote za juu yake, na tukawafikia wafugaji barafu ikiwa bado ngumu. Yule anayepiga teke alimpiga shemeji, kwa hiyo siku ilikamilika.

Jioni mkuu wa kituo alilifungua sanduku tupu, akalifunga. "Jumatatu ukumbuke upande wa mashariki," alisema, na hayo ndiyo yakawa maneno yake yote.

Nyumbani tulimweleza mama mkwe ukweli, kwa sababu fundi humdanganyi kuhusu kazi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba raba aione, akaisogeza karibu na taa.

"Hili tundu nani katoboa?"

"Mimi, mama," alisema shemeji.

"Limekaa upande." Akachukua sindano yake nene, akalinyoosha, akalizungushia uzi ukingoni kama tundu la kifungo. Kisha akaniangalia mimi. "Hilo dude silipendi, nisikudanganye. Nikilisikia linaondoka asubuhi, sipati raha mpaka nilisikie linarudi. Basi nikasema, kama lazima liende, lisikuache njiani."

Niliikamata mikono yake, na raba ikiwa bado ndani yake, nikamwambia asante, nikarudia. Nikamwambia kwamba mama yangu mzazi hakupata kunifanyia kubwa kuliko hili. Akasema niache maneno, chai inapoa.

Siku iliyofuata nilimnunulia kandambili mpya, za kijani, laini, za kisigino kinene. Alizipokea kwa mikono miwili. Akazikunja, akazibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika nazo. Kisha akazifunga kwenye mfuko, akaziweka kabatini pamoja na vitambaa vyake.

"Mama, si uzivae?"

"Raba nzuri hii," alisema, akiondoka zake, mguu mmoja kijani na mwingine buluu. "Nikaikanyagie chini wakati wewe una safari Jumatatu?"