Kijani Tupu

Bi Swichi, ndivyo walivyomwita kiwandani, ndiye aliyetengeneza tovuti ya kuchunga gesi ya vyumba vya baridi. Gesi ile ikivuja, ukiivuta kidogo tu umekwisha. Vipimo vya ukutani hupeleka namba kwenye tovuti. Namba ikipanda, chumba kinageuka chekundu kwenye skrini na king'ora kinalia hadi nje ya geti.

Kwenye kompyuta yake ya majaribio, king'ora alikizima. Angefanyaje? Kila akijaribu, ofisi nzima inamjia juu. Namba nazo alizitunga mwenyewe, tatu, tano, nne, zikijirudia, vyumba vyote kijani.

Asubuhi ile alipeleka toleo jipya kwenye mfumo halisi wa kiwanda. Mbio mbio, meneja kamkaba koo. Akanakili folda nzima, pamoja na faili la mipangilio yake ya majaribio. Jamani, haraka hii!

"Leo kumetulia," meneja alisema akipita na chai yake. "Hata zile kelele zako hatuzisikii."

Bi Swichi akacheka. Mdogo wake, kitindamimba wao, alikuwa zamu chumba cha nne, akipanga makatoni. Kazi ile yeye ndiye aliyemtafutia, na mama alikubali shingo upande. "Nimekukabidhi wewe," alimwambia. "Mwangalie."

Basi akawa anamwangalia kwenye skrini. Chumba cha nne: tatu. Tano. Nne. Tatu. Tano.

Akaachia kipanya. Namba hizi anazijua, kazitunga mwenyewe.

Akampigia mdogo wake. Simu ikaita weee, haikupokelewa. Chumba cha nne kiko upande wa pili wa kiwanda, mbali mno kukimbilia. "Pokea, mdogo wangu, pokea tu unitukane," alisema, huku akilifungua faili la mipangilio. Akafuta neno majaribio, akaandika halisi, akawasha mfumo upya. Skrini ikawa nyeupe, ikakawia. Aliomba kwa Mungu wake king'ora kisilie.

Kikalia.

Watu wakamiminika uani wakikohoa, wakiitana. Bi Swichi alibaki na simu sikioni, bado inaita. Chumba cha nne kilikuwa chekundu. Vipimo hutunza kumbukumbu vyenyewe, na pembeni mwa skrini ziliandikwa saa na dakika gesi ilipoanza kupanda. Ni pale meneja alipopita na chai, naye Bi Swichi akacheka.