Kiti cha Watu Wawili

Kiuno ndicho kilichoanza. Mabega, kana kwamba yameona wivu, yakafuata, halafu vidole vya mkono wa kulia vikawa vinakufa ganzi hata kabla nyumba za mwisho za mji hazijatoweka kwenye vioo vya pembeni. Fundi Mizani alikuwa ameipanda pikipiki ile miaka nenda miaka rudi bila kuumwa hata ukucha. Sasa kila alipofika alishuka vipande vipande: mguu kwanza, kisha nyonga, kisha mwili uliobaki, huku amejishika kiuno na kujifanya anakagua tairi, watu wasije wakamwonea huruma.

Jina hilo alibandikwa na wateja, likamganda. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye maghala, maduka na zahanati za mbali, akifungua mizani iliyoanza kusema uongo na kuiweka sawa. Mizani ya watoto ndiyo iliyomnyima usingizi kuliko zote. Alikuwa akisema kwamba mama anayeambiwa mwanawe ameongezeka uzito, kumbe ni springi imelegea, ametendewa ubaya usiosameheka. Kwa hiyo zahanati ikimpigia simu alikuwa hasubiri kupigiwa mara ya pili.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, kubwa, ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo mbele, masanduku mawili ubavuni, na kiti kimoja kirefu cha watu wawili. Siku alipoileta nyumbani mkewe aliizunguka, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Wanaume wenzako wananunua pikipiki, wewe umeleta ng'ombe." Juma lililofuata alikuwa amempanda huyo ng'ombe, na hakushuka tena. Walikwenda pamoja kila mahali. Fundi akipiga magoti mbele ya mizani, mkewe alikuwa akimpa mawe ya kupimia moja baada ya jingine bila kuambiwa lipi, na wenye maduka walizoea kuandaa viti viwili.

Mwaka jana mkewe alianguka akianika nguo. Kiharusi. Maneno yalirudi, ingawa yalirudi polepole na mengine yakiburura miguu. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Mguu wa kulia haukurudi. Mdogo wake akahamia pale nyumbani kusaidia, mwanamke mwenye mikono mepesi na mdomo usio na mlango, naye ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimvisha na kumtania mpaka acheke.

Fundi naye alikuwa na sehemu yake. Hospitali walimfundisha mama mazoezi ya kumwezesha kufika bafuni kwa gongo. Fundi akaongeza zoezi lake mwenyewe. Kila jioni alileta stuli, akaweka mito juu yake mpaka ikafikia kimo cha kiti cha pikipiki, akamsimamisha mkewe kando, akamshika kiunoni, na kumwambia ainue mguu wa kulia auvushe.

"Ukivuka hapa, umevuka kule," alikuwa akisema. "Kidogo tu, mama. Kidogo tu."

Naye aliinua. Mguu ulipanda kiasi cha kupitisha kiatu chini yake, ukatetemeka, ukaanguka. Jasho lilimtoka mpaka kanga ikamnata mgongoni. Mumewe alimpigia makofi, akamwambia leo ni afadhali kuliko jana.

Maumivu ya mgongo Fundi aliyapeleka kwa fundi wa pikipiki, kijana mmoja mnene aliyeitwa Spana. Spana aliinua usukani na kuurudisha nyuma. Haikusaidia. Akashusha vikanyagio ili magoti yapate kupumua, na magoti kweli yakapumua, ila kiuno kikazidi. Akachana kiti, akatoa sponji iliyochoka, akatia mpya ngumu, kisha akaitoa hiyo ngumu akatia laini. Akabadilisha kioo cha upepo. Mwisho akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta mikono kwa tambara.

"Mzee, pikipiki nimeishughulikia mpaka imenichoka," akasema. "Haina kosa tena. Labda ni umri. Tafuta kigari kidogo, upumzike."

"Umri wa nani?" Fundi akauliza, akaondoka bila kuaga vizuri.

Lakini ukweli ulikuwa unamwandama. Safari za mbali alikwisha kuzikata. Kulikuwa na zahanati moja ng'ambo ya milima ambayo mizani yake ya watoto ilikuwa inazidisha, na muuguzi wake alikuwa amepiga simu, akapiga tena. Fundi alimwambia wiki ijayo, wiki ijayo. Safari hiyo ilikuwa ya saa nyingi, na yeye alikuwa hafiki hata darajani bila kusimama na kukung'uta vidole. Asipopata namna ya kukaa, kazi ingemponyoka mkononi, na hakuwa mtu wa kazi nyingine. Aliogopa. Hakumwambia mtu, ila aliogopa.

Asubuhi moja akakata shauri ajaribu tena. Shemeji alikuwa anafagia uani. Fundi akawasha, akazunguka mti wa mpera, akaelekea getini.

"Shemeji! Hebu simama hapo," shemeji akapiga kelele, ufagio umeelekezwa kwake kama bunduki. "Nyuma umempakia nani?"

"Nimpakie nani? Mimi naenda peke yangu."

"Basi mbona umebanana mbele hivyo? Tangi linakukaba tumbo, mgongo umeupinda kama uta, na nyuma umeacha uwanja mzima wa mpira! Kama umebeba jini, sema, nimletee chai."

Fundi akacheka. Alikuwa amezoea utani wa huyu mama. Akageuka kutazama nyuma apate jibu la kumrudishia, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mapaja yamebana tangi, na nyuma yake kiti chote kilikuwa kitupu. Ndivyo alivyokaa siku zote, kwa sababu mkewe hakuwa mwembamba, alivaa koti zito la kukinga upepo, na tena alipenda kuweka mfuko wa mawe ya mizani mapajani. Ilibidi mume asogee. Lakini zamani zile alisogea akiwa na mtu mgongoni. Kifua cha mkewe kilimshikilia kiuno, mikono yake ilimzunguka, na kwenye mashimo walishuka na kupanda pamoja. Mwaka mzima sasa alikuwa ameendelea kumwachia nafasi, na nyuma hapakuwa na kitu cha kumshikilia.

Shemeji naye akaona alichosema. Akainamisha ufagio.

"Rudi nyuma basi, shemeji," akasema kwa sauti ya chini isiyokuwa yake.

Fundi akajaribu. Akajisukuma, akahisi kiti kinavyoinuka kidogo pale kilipoanzia upande wa mkewe. Alijisikia vibaya, kama mtu aliyekutwa amelala kitanda cha mgonjwa wakati mgonjwa amepelekwa kuoga. Akarudi mbele upesi, akatia gia, akatoka. Alifika darajani, vidole vikafa ganzi, akageuza.

Jioni ile alileta stuli na mito yake kama kawaida. Mkewe aliinua mguu mara moja. Ulipoanguka, hakuuinua tena.

"Toa," akasema.

"Pumzika kwanza, halafu tutajaribu tena."

"Nimesema toa stuli."

Fundi akaitoa. Akamkalisha kitini, akamfunika magoti. Mkewe akamtazama kwa muda, akiyakusanya maneno, maana siku hizi alikuwa hasemi mpaka ameyapanga.

"Mdogo wangu ameniambia unavyokaa."

"Huyo naye hana dogo. Mdomo wake..."

"Mwache na mdomo wake. Kwa nini hurudi nyuma?"

"Pale ni pako," Fundi akasema. "Ukipona utakaa wapi?"

Mkewe akafumba macho, akayafumbua.

"Daktari ulimuuliza kuhusu pikipiki. Alikujibu nini?"

Fundi hakutegemea swali hilo. Alikuwa amemuuliza daktari kwenye varanda ya hospitali, kwa siri, mkewe akiwa ndani, na daktari alikuwa amemjibu bila kuzunguka. Jibu hilo alikuwa amelimeza, akaja nyumbani na stuli.

"Alisema tujaribu," akadanganya.

"Na mimi nilimuuliza," mkewe akasema. "Siku ile ile, ulipokwenda kuchukua dawa. Akasema sitapanda tena. Alisema na wewe umekwisha kuambiwa."

Jikoni shemeji aliacha hata kuosha vyombo, maana kusikiliza nako ni kazi.

"Ulijua?" Fundi akauliza. "Muda wote huo ulijua? Basi kwa nini jioni zote hizi unainua mguu?"

"Ulikuwa unafurahi nikiinua."

Fundi Mizani alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Aliona haya ambayo hajapata kuyaona maishani mwake. Mwanamke huyu alikuwa anaumia kila siku ya Mungu mbele yake, mguu unatetemeka, jasho linamtiririka, naye anapiga makofi. Alidhani anamtia moyo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatiwa moyo.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe. Sasa nipeleke nje, kabla jua halijazama. Na yule kaka wa zahanati umpigie, umwambie kesho unakwenda."

"Ni dada."

"Basi dada. Umemsumbua vya kutosha."

Wakamtoa barazani, Fundi upande mmoja na shemeji upande mwingine. Wakamkalisha kwenye kiti chenye mikono. Pikipiki ilikuwa uani, uso umeelekea getini.

"Panda," mkewe akasema.

Akapanda. Mwili ukajipeleka wenyewe kwenye ncha ya kiti.

"Rudi nyuma."

Akasogea kidogo.

"Bado."

Akasogea tena. Shemeji hakutania. Alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, amefunga mikono kifuani, macho yamemlowa.

"Bado. Unaogopa nini? Rudi mpaka mwisho."

Akajisukuma, akapita ile sehemu iliyoinuka, akatua. Kiti kilimpokea. Mikono ikanyooka mbele yake bila kukaza, viwiko vikalegea. Magoti yalipata nafasi. Mgongo ukasimama wima wenyewe, na kiegemeo kidogo cha nyuma, ambacho alikifunga kwa ajili ya mkewe na hakuwahi kukigusa kwa mgongo wake, kikamkaa kiunoni sawasawa.

"Nenda ufike darajani," mkewe akasema. "Ukirudi uniambie panapouma. Usinifiche."

Akaenda. Barabara ilikuwa na watu wanaotoka makazini, akawapita taratibu, akisubiri kiuno kianze. Hakikuanza. Akapita kiwanda cha matofali, akapita ukuta mrefu wa shule, akasikiliza mabega. Yalikuwa yametulia. Alipofika darajani alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa hai. Akavuka. Akaenda mbele zaidi, mpaka mahali ambapo kwa miezi mingi hakufika, akitafuta maumivu kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Angetoa chochote apate hata kichomi kimoja cha kumrudisha mbele, mahali pake pa zamani, pale alipokuwa anabanwa. Hakukipata. Mwili wake ulikuwa umestarehe, na aliuchukia kwa kustarehe. Akalia ndani ya helmeti, kwa sauti, mahali ambapo mlio wa injini ulimsitiri.

Aliporudi jua lilikuwa limekwisha kuzama, ila mwanga ulikuwapo bado. Mkewe hakuwa amekubali kuingizwa ndani. Shemeji alikuwa amemzungushia shuka mabegani.

Fundi akazima. Akashuka kwa mara moja, mwili mzima, bila kujishika popote, na mkewe akaona.

"Panauma wapi?"

Fundi akavua helmeti. Uongo ulikuwa karibu, tena wenye huruma. Akautazama uso wa mkewe, nusu yake ikimsubiri na nusu nyingine imetulia tu.

"Hapaumi," akasema.

"Popote?"

"Popote."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Akakitazama kile kiti kirefu, akakitazama muda, na upande wa mdomo uliobaki ukapanda kidogo ukitafuta tabasamu.

"Nilijua," akasema. "Wewe ulikuwa unabanwa kule mbele, mimi nakula raha. Sehemu nzuri niliishika mimi miaka yote hiyo, na sikukuambia, nisije nikanyang'anywa."

Fundi akacheka, akapiga magoti mbele yake. Na mkewe, ambaye tangu augue hakuwa ametoa chozi mbele ya mumewe, akaanza kulia.