Msichana wa Mkunjo wa Pili

Mshonaji alikuwa akifuta penseli pembezoni mwa ukurasa Kinyozi alipoingia na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni, akasema, "Kuna mgeni."

"Nimemwona," Mshonaji alijibu, akaendelea kufuta.

Kitabu kilikuwa cha hadithi za kale za upelelezi, za nchi ya baridi, wakati wa magari ya farasi na taa za gesi mitaani. Maktaba ilikuwa imekileta karakanani kijalidiwe upya, kwa sababu kilisomwa mno hata uti wake ukavunjika. Kitabu kikishafumuliwa hubaki mikunjo tu, vitita vya kurasa vilivyokunjwa pamoja, na kila fundi huchukua mkunjo wake akausafisha kabla haujashonwa tena. Wasomaji wa maktaba walikuwa wameandika kila mahali. Mmoja aliandika: Nilijua tangu mwanzo. Chini yake mwingine akaandika: Mwongo, hukujua. Wa tatu alisahihisha saa za treni. Kuna aliyelalamika kwamba mpelelezi ana majivuno na dawa yake ni kuoa, na mwandiko mwembamba ulimjibu: Amwoe nani, maskini? Mshonaji aliyafuta maandishi yote kwa zamu, akapuliza vumbi la kifutio, akageuza ukurasa.

Mgeni alikuwa ameketi kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Alivaa gauni jeusi, aproni nyeupe na kofia ndogo ya kitambaa. Nguo zake zilikuwa na unyevu wa ukungu, na sakafu chini ya kiti chake ilikuwa imelowa. Mama Gundi, mpika gundi na mkubwa kuliko wote pale, alileta gunia akalitandika miguuni pake.

"Inua miguu, mwanangu. Sakafu hii nimeipiga deki sasa hivi."

Haikuwa mara ya kwanza. Kitabu cha ndege wa baharini kilipofumuliwa, karakana ilinuka samaki wiki nzima na Mama Gundi akawa anafunika sufuria lake kwa beseni. Kilipokwisha kushonwa na kubanwa, ndege walirudi mahali pao, isipokuwa manyoya machache ambayo Kinyozi alisafishia masikio.

"Umetoka mkunjo gani?" Kinyozi aliuliza.

"Wa pili."

"Basi u wangu," alisema Kinyozi, akaenda kwenye mashine yake. Walimwita Kinyozi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata kingo za vitabu ziwe sawa, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na kipara.

Katika karakana hiyo kila mtu alisoma mkunjo wake tu. Ukianza kuuliza ya mkunjo wa mwenzako, kazi haiendi. Mkunjo wa kwanza alikuwa nao Mama Gundi: kidani cha lulu kinapotea katika nyumba kubwa, na msichana wa kazi anakutwa na ufunguo wa kabati mfukoni mwa aproni. Wa pili alikuwa nao Kinyozi: askari wanamchukua msichana katika ukungu, wanamweka chumba chenye dirisha moja, na mpelelezi anatambaa juu ya zulia akichunguza majivu. Wa tatu, ambao ndio wa mwisho wa hadithi hiyo, alikuwa nao Mshonaji. Humo mpelelezi anakaa mbele ya moto na kueleza alivyojua.

Msichana alitazama gundi mpaka ilipochemka. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Kidani kimepatikana?"

"Wewe ndiye wa kutuambia," alisema Mama Gundi.

"Mimi sikukichukua, mama."

"Sijasema umekichukua. Nasema ufunguo ulikuwa kwako."

"Bibi alinipa nifute vumbi kabatini."

"Hilo kwangu halipo," alisema Mama Gundi, akakoroga.

Kinyozi alicheka kidogo. "Mama, wewe umesoma mwanzo. Mwanzo humfanya kila mtu aonekane mbaya. Ngoja umwone yule bwana alivyopiga magoti. Majivu tu! Anakwambia haya ya sigara ya kijana, haya ya mzee. Yule ni mtu, si mchezo."

"Mtu mzima anatambaa zuliani kunusa majivu ya wenzake, ndiye unayemsifu? Mimi angekuja kwangu ningempa ufagio."

Mshonaji aliweka kifutio chini. "Kilipatikana," alimwambia msichana. "Aliyechukua ni mpwa wa bwana mwenye nyumba. Alikuwa na madeni ya karata."

Mama Gundi aliacha kukoroga. Alimtazama msichana, kisha sufuria, kisha akaendelea kukoroga kwa mkono mwingine.

"Lini?" aliuliza msichana.

"Siku ileile waliyokupeleka. Jioni."

"Na mimi?"

Mshonaji aliupitia mkunjo tena, ukurasa kwa ukurasa, ingawa alikuwa anaujua. Mpelelezi alieleza. Bwana mwenye nyumba alimshika mkono. Kijana alipelekwa ng'ambo kimyakimya. Walikunywa kinywaji, moto ukawaka vizuri.

"Wewe hutajwi," alisema.

Msichana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Labda wamesahau. Nyumba ile ina shughuli nyingi. Nitangoja bibi aniambie mwenyewe."

Meza aliyokaa ilikuwa ya dada yake Mshonaji. Dada alikuwa mpigaji wa dhahabu. Yeye ndiye aliyeandika majina ya vitabu kwenye uti kwa karatasi za dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Kabla ya mvua za mwaka uliopita pakiti ya karatasi hizo ilipotea, na kwa kuwa ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye, Msimamizi alimwambia aende nyumbani. Mvua zilipokwisha walihamisha meza ili kuzibua mfereji, na pakiti ikaonekana nyuma ya droo, ilikoteleza yenyewe. Msimamizi aliipangusa, akairudisha kabatini, akasema, "Haya, imepatikana. Kazini." Wakarudi kazini.

Jioni ile Mshonaji alimweleza dada. Dada aliuliza, "Wamekutuma uniambie?" Akamjibu hapana, anamwambia yeye tu. Tangu hapo dada huamka kila asubuhi, huoga, huvaa nguo za kazi, huketi kitandani na mkoba mapajani mpaka jua lipande. Kisha huvua nguo zile, akazikunja, akaanza kufua au kupika. Hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Msimamizi alifika saa nne. Alimtazama mgeni, akatazama kitabu kilichofumuliwa, akaelewa.

"Ah, hiki!" alisema, na uso wake ukapata joto. "Nilikisoma nikiwa shule. Hadithi hii ya kidani ndiyo bora kuliko zote. Unajua kwa nini? Mwisho wake. Kila kitu kinarudi mahali pake na hakuna aliyeaibika."

Msichana alisimama kwa heshima, mikono mbele ya aproni. Maji yakadondoka.

"Unajua kazi gani?" Msimamizi alimwuliza.

"Kung'arisha fedha, bwana. Kufuta vioo. Kushika vitu vyepesi kuvunjika."

"Jaribu hii." Alimfungulia kabati, akamtolea pakiti ya dhahabu.

Ilidhihirika kwamba ana mkono. Dhahabu ni kazi ya pumzi. Ukihema vibaya karatasi inapeperuka na kujibandika kwenye paji lako la uso. Msichana hakuhema kabisa. Hakula mchana, hakuomba ruhusa, na jioni hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo Msimamizi alifunga mlango kwa nje, naye akabaki ndani. Kesho yake Msimamizi alikuta vitabu vyote vya wiki vimekwisha kuandikwa majina.

"Mfanyakazi wa namna hii," alisema Msimamizi, "hapatikani siku hizi."

Mshonaji alimweleza dada wakati wanamenya viazi.

"Mezani kwako kuna mtu."

"Wa wapi?"

"Wa kitabuni. Walimsingizia kidani."

Dada alimaliza kiazi chake, akachukua kingine. "Mwambie asiheme juu ya dhahabu."

"Hahemi."

"Basi atanishinda," alisema dada, bila hasira wala wivu, akatupa maganda.

Siku zilizofuata Mshonaji alishona, huku akimsimulia msichana habari za mwenye meza. Alipaka uzi nta, akaunganisha mkunjo wa kwanza na wa pili, akaunganisha na mikunjo ya hadithi nyingine, kila tundu kwa zamu yake. Ukabaki ule mmoja aliousoma. Kila mtu alijua kwamba ukishonwa na kitabu kikabanwa, msichana atarudi kwenye chumba chenye dirisha moja. Kinyozi alisema ni sawa, kila kitu kina ukurasa wake. Mama Gundi alisema si sawa, lakini kama ni ufunguo, kweli alikuwa nao.

Mshonaji alimfuata Msimamizi ofisini.

"Huyu akirudi kitabuni, dada aje?"

"Nafasi ikiwa wazi tutaona."

"Angalau aambiwe kwamba ilipatikana."

"Nani asiyejua? Sote tulikuwepo."

"Dada hajaambiwa."

"Kwani wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi ameambiwa," alisema Msimamizi kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mkali. "Na kile kitabu kimalizike. Maktaba wanakitaka. Kuna wasomaji wamepanga foleni, kila mmoja anasema mwenzake alimwambia mwisho na anataka kuhakikisha."

Mshonaji alirudi mezani. Msichana alikuwa akiandika jina kwenye uti wa kitabu cha hesabu.

"Dada," msichana alimwambia Mshonaji, "ukinishona, nitakumbuka ulichoniambia?"

"Sijui. Wewe uko mkunjo wa pili. Mimi nilikusomea wa tatu."

"Kule sijawahi kufika."

"Ndiyo."

"Basi nitakuwa nangoja."

"Utakuwa unangoja."

Msichana alifikiri. "Na huyu ambaye meza ni yake, yeye anangojea wapi?"

"Kitandani. Ameshavaa."

"Ana dirisha?"

"Analo."

"Afadhali," alisema msichana, akarudi kwenye dhahabu.

Mshonaji aliulaza mkunjo wa mwisho juu ya mingine, akalinganisha kingo, akapitisha sindano kwenye tundu la kwanza. Uzi ulivutika vizuri. Mezani karibu na dirisha, aproni ya msichana ilianza kupauka upande mmoja kama karatasi iliyowekwa juani. Msichana aliiona, akajisogeza kidogo ili asiichafue dhahabu, akaendelea.

Mkono wa Mshonaji ulikaa juu ya tundu la pili. Katika kiti kile, msichana angebaki na dada asije, au huyu angeondoka na yule asiitwe. Alitafuta kama kuna namna ya tatu, akatafuta kwa utaratibu, kama anavyotafuta mahali uzi ulipokatikia. Kengele ya kuondoka ikalia. Kinyozi akafunika mashine yake. Mama Gundi akazima jiko.

"Umemaliza?" aliuliza Msimamizi akiwa na funguo mkononi.

"Bado matundu manne."

"Kesho, basi."

"Kesho," alisema Mshonaji, akaichomeka sindano kwenye kipande cha nta ili isipotee, akaacha mkunjo ukining'inia kwa uzi mmoja, akatoka na wenzake.