Kiingereza cha Wadi Kabir

Marhoon bin Harub alifundishwa Kiingereza kwa bakora. Katika skuli aliyosoma Unguja, mtoto akisikika anasema Kiswahili uwanjani huchapwa viganja, na Marhoon alichapwa mpaka ulimi ukasalimu amri. Baada ya hapo akawa hodari. Walimu walimwita mbele awasomee wenzake, na baba yake, Mzee Harub, alikuwa akiwaambia watu barazani, "Huyu wangu akisema na Mzungu, ukifumba macho hujui yupi ni yupi."

Mwaka sitini na nne ulipokuja na mambo yake, Mzee Harub alitolewa nyumbani asubuhi na hakurudi tena. Mwaka uliofuata Marhoon aliteremka Matrah, bandari ya Omani, na mama yake, Bi Masouda, na mkewe Nasriya, aliyekuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Walipokewa na ami yake, Thani, aliyezaliwa Matrah na asiyepata kutoka. Ami Thani aliwapa chumba cha uani, akawaletea halua na kahawa, akakaa kumsikiliza mtoto wa ndugu yake akisema Kiarabu. Alisikiliza kidogo, kisha akacheka hadi akajifuta machozi.

"Qurani anaisoma vizuri, mashaallah," akawaambia wanawe. "Lakini akienda kununua samaki hujui ananunua au anaswali."

Marhoon naye alicheka, kwa adabu. Huko alikotoka walimwita Mwarabu, na kwa jina hilo baba yake alipotea. Huku wakamwita Mzinjibari.

Kilichomwokoa na njaa ni kile Kiingereza cha bakora. Kampuni moja ya Kizungu ilikuwa ikipasua majabali katika bonde la Wadi Kabir, kutoa mawe ya kujengea gati, na ilitaka mkalimani wa kusimama kati ya mafundi na vibarua. Marhoon alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda, na alipofungua mdomo mkubwa wa kazi alimtazama kama mtu aliyeokota lulu jalalani. Mkubwa huyo alikuwa Mholanzi, akiitwa Kees. Fundi wa baruti alikuwa Mtaliano, Bruno. Walikuwapo Wajerumani pia, na mmoja wa Denmark. Mwingereza hakuwapo hata mmoja, lakini lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza.

Na Kiingereza gani! Siku za mwanzo Marhoon alikuwa akirudi nyumbani na kumsimulia mkewe kama anayesimulia sinema.

"Laiti ungewasikia, Nasriya. Mtaliano anapachika herufi mwisho wa kila neno. Mjerumani kitenzi anakiacha mpaka mwisho, unangoja kama unangoja meli. Kwetu wangechapwa wote."

"Na haya hawaoni?" akauliza Nasriya.

"Hawaoni."

"Basi sisi tuliona haya ya nini?"

Swali lilimwingia Marhoon, na tangu siku hiyo akawa anawatazama kwa jicho jingine. Aliona kwamba wale watu walikitumia Kiingereza kama koleo: unakishika, unachimba, unakitupa. Saa ya chakula kila mmoja alirudi kwao. Kees aliimba Kiholanzi chake, Bruno aligombana na mwenzake kwa Kitaliano, mikono hewani. Hakuna aliyemwambia Kees kuwa si Mholanzi kwa sababu asubuhi nzima amesema lugha ya watu. Marhoon alikula peke yake chini ya ukuta wa mawe. Vibarua walikaa upande wao, na walipomkaribisha alikwenda, ila mazungumzo yalikuwa mepesi mpaka afike, akishafika yakawa mazito.

Kibarua mmoja tu hakujali hayo. Huyo alikuwa Bakhit, kijana wa kutoka bara ya milimani, mwembamba, mwenye meno makubwa na kicheko kikubwa zaidi. Bakhit alipenda kumdaka maneno.

"Sema tena, ya Marhoon. Sema lile la kwenu."

Alijifunza "jambo" na "haraka haraka", akawa anamwamkia kila asubuhi kwa Kiswahili, na hapo peke yake, katika bonde lile lote la vumbi na vyuma, Marhoon alijiona kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Ilikuwa mwaka sitini na nane, mwezi wa joto, walipoufikia mwamba mgumu upande wa kusini. Bruno alitoboa matundu, akayajaza baruti, watu wakaondoshwa wakajikinga nyuma ya gari kubwa la maji. Baruti ikalia. Bonde lilijaa vumbi jeupe na mashine ya upepo ya kutobolea mwamba ikaendelea kunguruma, hakuna aliyeizima. Bruno alikuwa akihesabu milio kwa vidole. Alikunja uso, akamgeukia Kees, akasema kwa Kiingereza chake, na Marhoon akiwa kati yao:

"Ivenchuali, watu waingie."

Marhoon alilijua neno hilo. Alilijua pamoja na tahajia yake na mwalimu aliyemfundisha. Maana yake ni hatimaye. Hatimaye watu waingie. Akainua mkono, akawapigia vibarua ukelele kwa Kiarabu kuwa tayari, na Bakhit, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza, akachukua mtaimbo wake akatangulia.

Hakuwa amefika mbali Kees alipomwona. Uso wa Mholanzi ukageuka. "Hapana! Nani kamwambia? Mzuie!"

Marhoon alikimbia mbele. Kiarabu chote alichokuwa nacho kikamtoka kichwani kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka. Ikabaki ile ambayo mtu hulia nayo, lugha ya mama yake.

"Tafadhali, Bakhit! Tafadhali, usende! Tafadhali!"

Mashine ilinguruma. Bakhit aligeuka, akaweka mkono sikioni. Katika maneno yote yale alipata moja tu, kwa sababu moja tu lilikuwa lake. Kwetu tafadhali ni kuomba. Kwa Mwarabu ni kukaribisha: tafadhal, pita, endelea, ingia ndani. Bakhit aliona mwenzake anamkaribisha kwa bidii, mikono miwili, akacheka kile kicheko chake, akapunga, akapita.

Tundu lililokuwa halijalia likalia.

Walimzika alasiri ile ile.

Kikao cha kuuliza yaliyotokea kilifanyika chini ya hema la kampuni. Kees alikaa mezani, Bruno ubavuni pake, macho mekundu, na mtu mmoja kutoka kwa liwali alikuja na karani wake. Bruno alieleza. Milio haikutimia, alisema, naye akamwambia Kees kuwa huenda watu wakaweza kuingia, huenda, ngoja kwanza tutazame.

"Hakusema huenda," alisema Marhoon. "Alisema ivenchuali."

"Ndiyo. Huenda," akasema Bruno.

"Neno hilo maana yake ni hatimaye."

Bruno akamtazama Kees, na Kees akamtazama Bruno, kama watu wanaoulizana kama mgonjwa amepandwa na homa. Kwa Kitaliano neno lile maana yake huenda. Kwa Kiholanzi vile vile. Yule Mjerumani aliyesimama nyuma naye akatikisa kichwa kukubali. Hata kwao ni huenda.

"Sote tulimwelewa," Kees alisema taratibu.

"Lakini si Kiingereza!" Marhoon alisikia sauti yake imepanda. "Muulizeni Mwingereza yeyote!"

"Bwana Marhoon," akasema Kees, na hakusema kwa ubaya, "hapa hakuna Mwingereza."

Maneno hayo yalimkata kuliko bakora zote za utotoni. Alikuwa ametoa viganja vyake, na Kiswahili chake cha uwanjani, akanunua kitu ambacho wenyewe walikuwa wamekiacha wazi kila apitaye achukue kipande. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anakilinda.

Kisha mtu wa liwali akamgeukia, kwa Kiarabu. "Na baadaye ulimwambia nini marehemu?"

Marhoon akamwambia. Karani alisita. Yule mtu akamtaka alirudie neno, naye akalirudia, na akajaribu kueleza maana yake kwao, na kadiri alivyoeleza ndivyo Kiarabu chake kilivyozidi kujikwaa.

"Wewe wasema ni Mwarabu, mtoto wa Harub," mtu wa liwali alisema. "Mwarabu gani humwambia mtu ingia kwenye moto?"

Bruno alipewa likizo akapumzike kwao. Lugha ngumu, walisema, makosa hutokea. Marhoon aliambiwa asirudi.

Alikwenda kutoa tanzia kwa mama yake Bakhit, Bi Rahila, aliyeteremka kutoka milimani na kukaa kwa jamaa zake nje ya mji. Ami Thani hakukubali kufuatana naye. Marhoon alikaa mbele ya yule mama, kichwa chini, na kila sentensi aliyoitayarisha njiani ikamkimbia.

"Alikuwa akikutaja," alisema Bi Rahila. "Akisema nna rafiki anayenifundisha maneno ya ng'ambo. Niambie. Alikufa akikimbia?"

Marhoon angeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama. Alikuwa akicheka. Alidhani nimemkaribisha."

Yule mama akafunika uso kwa shela yake, akasema kutoka ndani, "Basi rudi kwenu."

Na kwao ni wapi? Marhoon alitembea hadi Matrah akiwa na swali hilo, na alipofika uani alikuta Bi Masouda anamwimbia Hind, binti yao wa miaka mitatu, wimbo wa kumlaza.

"Basi, mama," alisema. "Kiswahili basi katika nyumba hii. Nshasema. Mtoto huyu asikisikie tena."

"Na mimi nna kipi kingine, mwanangu?" akauliza Bi Masouda.

"Jifunze."

"Baba Hind," Nasriya alisema, "mama ana miaka sabini."

"Basi anyamaze!"

Neno lilikwisha toka. Bi Masouda alimtazama mwanawe, akamlaza mtoto kwenye mkeka, akanyamaza. Hakunyamaza kwa hasira wala kwa kisasi, alitii tu. Wakati Marhoon hayupo, Nasriya alikuwa akimsikia mkwewe ananong'ona peke yake jikoni. Hind alikua anamjua bibi yake kwa mikono, ya kumsuka nywele na kumlisha, na alikuwa akiwaambia watoto wa jirani kwa Kiarabu chepesi, safi, kuwa bibi yake ni bubu. Bibi alifariki mwanzo wa mwaka sabini, na maneno yake ya mwisho, Nasriya alimwambia mumewe, yalikuwa ya Kiarabu. Alikuwa amejifunza kuomba maji.

Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, utawala ukabadilika. Redio iliwaita walioko ng'ambo warudi kujenga nchi, na ghafla kila ofisi ikawa inatafuta wajuao Kiingereza. Marhoon alipata meza katika ofisi iliyofunguliwa kuwapokea waliorudi. Kiarabu chake sasa kilikuwa kimenyooka. Alikuwa amekifanyia kazi kama adhabu. Ami Thani alimtaja kwa wageni kuwa ni mtoto wa ndugu yake.

Asubuhi moja aliketi mbele yake mwanamke wa makamo aliyevaa buibui la Unguja, mkono mmoja ameushika wa binti yake. Alianza kwa Kiarabu cha kuokoteza, akakwama, akamtazama vizuri karani, na uso wake ukafunguka.

"Ehee! Si mwana wa Bi Masouda wewe? Wa Mzee Harub? Mimi Sayyida, bwana, nyumba ya pili kwenu! Alhamdulillahi, nnaona mtu. Mama hajambo?"

Makarani wawili wa meza ya pembeni waliinua vichwa.

Marhoon alichovya kalamu. "Sifahamu, bibi," alisema kwa Kiarabu. "Jina lako kamili?"

Bi Sayyida akamwinamia binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nimemfananisha, mwanangu. Hebu msemeze wewe kwa Kiingereza."