Majina Yanayoanza kwa M

Nyevu alikuwa ametimiza miaka minne akipakia malori katika godauni moja la vifurushi huko Changamwe, njia ya kwenda Airport, na miaka yote hiyo mwenzake alikuwa Lenox. Lenox alikuwa mtu wa bara. Alikuja Mombasa kijana kutafuta kazi bandarini, akaoa hapa, akalea hapa, na sasa mvi zilikuwa zimeshika kichwa kizima. Nyevu alimwita baba Agneta, kwa jina la bintiye wa kwanza.

Kazi ya kupakia, ukiitazama kwa mbali, utadhani ni nguvu tu. Lakini lori la Kisauni hushusha mizigo ya Nyali kwanza, kisha Mishomoroni, kisha Mtopanga, na mwisho kabisa Utange. Kwa hivyo mizigo ya Utange ndiyo inayotangulia kuingia, ikae huko ndani, na ya Nyali ibaki mlangoni. Hapo hapo ukumbuke kwamba kizito kinakaa chini na chepesi juu, na kwamba ukiacha nafasi ya kiganja kimoja tu kati ya katoni mbili, lori likiruka tuta safu nzima itakuwa chini. Haya yote Lenox aliyajua kwa mikono. Aliinua katoni kidogo, akaitikisa, akajua ni ya kuwekwa wapi. Nyevu alijifunza kwake, na hakuwahi kumficha mtu kwamba alijifunza kwake.

Makosa yalianza mwezi wa tatu. Zamani jina la mtaa liliandikwa kwenye katoni kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mabango. Mwaka huu kampuni ikaleta lebo mpya, ndogo, zenye maandishi membamba na mistari ya kusomwa na mashine. Mashine ilikuambia kama kifurushi ni cha lori hilo au si chake. Ndani ya lori kikae wapi, hayo haikuyajua. Wiki ya kwanza dereva wao, Mwangi, alirudi akilalamika kwamba mizigo ya Mishomoroni ilikuwa nyuma ya ile ya Mtopanga. Wiki ya pili akalalamika tena. Nyevu alidhani ni ugeni wa lebo, kila mtu atazoea.

Kisha mvua za mwezi wa nne zikaanza. Siku moja Mwangi alifika Mishomoroni akakuta mzigo anaoutaka umezibwa na katoni thelathini. Ikambidi azishushe kando ya barabara ili aufikie, na mvua ikamkuta hapo hapo. Katoni za madaftari ya shule moja ya Mtopanga zililowa zikavimba. Asubuhi yake msimamizi wao, Carolyne, alichukua fomu ya upakiaji akatazama sahihi. Sahihi ilikuwa ya Nyevu, kwa sababu kwa miezi mingi Lenox alikuwa akimwomba atie yeye, akisema mikono yake ina vumbi. Nyevu akapewa barua ya onyo. Kibarua akifikisha barua tatu haitwi tena, na Nyevu alikuwa na watoto wawili shuleni.

Alijua kwamba safu za ndani hakuzipanga yeye. Alimwuliza Lenox, naye akasema labda walichanganya kwa haraka, akageuka kushika kazi. Jibu hilo halikumtosha. Siku iliyofuata alimwangalia kwa makini, akaona jambo ambalo pengine lilikuwa mbele yake muda mrefu: Lenox aliisogeza kila lebo karibu na uso, akaipeleka mbali, kisha akapapasa katoni kana kwamba ndiyo itakayomwambia. Nyevu akachukua katoni ya Mtopanga, akaigeuza makusudi, chini juu, akampa.

Lenox aliitazama. "Mishomoroni," akasema.

"Baba Agneta, lebo imesimama kichwa chini."

Lenox aliiweka katoni chini polepole, akaikalia. Nyevu naye akakaa, ingawa lori lilikuwa likingoja. Ndipo Lenox alipomweleza kwamba tangu mwaka jana jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilikuwa likilifuata. Maandishi ya kalamu aliyaweza. Kwa lebo hizi mpya alitazama herufi ya kwanza na urefu wa neno, akakisia. Nyali na Utange hazikumpa taabu. Yaliyokuwa yakimponza ni majina yanayoanza kwa M.

"Ningesema, ningerudishwa nyumbani siku hiyo hiyo," alisema.

"Ukaniacha nichukue barua."

"Nilikuacha," akasema Lenox.

Nyevu alikuwa amejiandaa kukasirika, na kama mzee angeleta visingizio angekasirika kweli. Sasa hakujua afanye nini na hasira yake. Alirudi nyumbani akawaza usiku kucha. Akienda kwa Carolyne, atakuwa amemfukuzisha kazi mtu aliyemfundisha kazi. Akinyamaza, barua ya pili itakuja, na ya tatu. Akachagua njia ya katikati: kuanzia kesho yake yeye atakuwa anasoma, na Lenox atakuwa anapanga.

Kwa siku kumi na moja mambo yalikwenda vizuri kuliko mwanzo. Nyevu alisimama mlangoni akisoma majina ya mitaa, na Lenox ndani akipokea na kujenga safu zake. Mwangi aliacha kulalamika. Hata alisifu siku moja, na Nyevu akaona fahari ambayo hakuweza kumshirikisha mtu. Ila walikuwa wazito. Kila lori lilichelewa kutoka, na ili kufidia muda Lenox alianza kutoka lorini kufuata katoni mwenyewe ghalani, mbio mbio.

Siku ya kumi na mbili alikuwa akitoka ghalani na katoni begani. Kati ya sakafu ya ghala na lori huwekwa bamba la chuma la kuvukia, na asubuhi hiyo bamba lilikuwa limesogea, pakabaki mwanya upande mmoja. Mwenye macho mazima angeuona. Lenox alikanyaga hewa. Mguu ulizama mpaka pajani, katoni ikamruka kichwani ikapasukia ndani ya lori, na Nyevu, aliyekuwa karibu, akamshika shati na mkono kabla mwili haujaufuata mguu. Alimvuta kwa nguvu zote. Damu ilikuwa ikimtiririka mzee kwenye ugoko.

Walibaki wameketi sakafuni wakihema. Nyevu aliona kwamba siku zote kumi na moja alikuwa akijiona mwema, na kumbe alikuwa akimsukuma mzee huyu kwenye shimo kwa heshima.

"Lebo nitakusomea," alimwambia kwa sauti ndogo. "Lakini siwezi kuwa macho yako kwa kila kitu."

Carolyne alikuwa anakuja, ameisikia katoni ikianguka. Alikuwa mdogo kwao wote wawili, na haraka ilikuwa tabia yake. Alianza kuuliza nani ameliacha bamba vile. Lenox alimkatiza kwa adabu. "Madam, kosa ni langu, na ile barua ya Nyevu pia ni yangu. Macho yangu hayaoni."

Carolyne alimtazama, akamtazama na Nyevu. Kisha akamwita mtu alete dawa ya kidonda. Baadaye aliitoa barua ya Nyevu kwenye faili mbele yake, akamwambia kuficha kwake nako kulikuwa kosa. Kwa Lenox alisema wazi kwamba hawezi kumruhusu kukanyaga ndani ya lori tena akiwa hivyo, na kwamba kibarua hana likizo ya ugonjwa. Lenox akakunja aproni yake, akawaaga wote kwa mkono, akaondoka akichechemea.

Nyevu alipewa mwenzake mpya, Selpher, aliyesoma lebo upesi na kuweka vizito juu ya vyepesi. Ikawa zamu yake kufundisha. Kutoka kwa Agneta alisikia kwamba mzee alipimwa, akakutwa na mtoto wa jicho, akaandikiwa kupasuliwa jicho la kulia kwanza.

Mwezi wa saba, jicho likiwa limeshapasuliwa, Lenox alionekana langoni miongoni mwa vibarua. Nafasi yake ya zamani haikuwapo, lakini Carolyne alimwita kwenye kushusha makontena, asimame chini bila kupanda juu. Saa nne, wakati wa chai, alikuja akakaa na Nyevu. Wakaongea habari za nyumbani. Kisha Nyevu akamwuliza, bendeji ilipotolewa, aliona nini kwanza.

"Mikono yangu," alisema Lenox. Akaiweka magotini, akaigeuzageuza, ile ngozi ngumu na makovu ya miaka. "Sikujua imezeeka hivi. Niliwauliza wauguzi kama ni yangu."

Nyevu aliitazama pamoja naye. Kisha Selpher akaita kutoka kwenye lori kwamba mzigo wa Utange umefika, na Nyevu akamalizia chai yake akainuka.