Maswali Kumi ya Sista

Msumeno ulikuwa umekula vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, lakini Randa, fundi wa kiwanda cha mbao, aliyeketi kitandani na bendeji mkononi, hakuutazama mkono. Alikuwa akitazama fomu. Sista wa chumba cha dharura alikuwa na kalamu tayari, na nyuma yake msimamizi wa kiwanda amekunja mikono kama aliyekuja kuchukua mzigo wake.

"Maswali haya kumi huulizwa kila majeruhi, kaka," sista alisema. "Si ya kukufungulia kesi. Pombe unakunywa mara ngapi kwa wiki?"



"Sema kweli, bwana," msimamizi alidakia. "Nakala moja naondoka nayo, ofisini wanaisubiri."

"Naomba utupishe kidogo," sista alimwambia.

"Nitawapisha vipi, mama? Hapo chini pana nafasi ya sahihi ya mwajiri. Mliiweka nyinyi wenyewe."

Sista aliangalia chini ya fomu. Kweli ilikuwepo.

Msimamizi huyo ndiye aliyeamuru kinga ya msumeno ing'olewe, eti inachelewesha kazi. Kwenye nakala ile habari ya kinga isingekuwepo, angekuwepo mlevi. Na mlevi halipwi fidia. Hutolewa kwenye nyumba ya kiwanda, yeye na watoto wake wanne.

Sista aliinama, akashusha sauti. "Mtu aliyezoea pombe akikatizwa ghafla, mwili unaasi. Jasho, kutetemeka, hata degedege. Nikijua mapema, dawa ninayo. Nisipojua…"

Randa alijua. Kaka yake aliingia mahabusu akitembea, akakaa siku tatu bila tone, nyumbani wakarudishiwa maiti yenye ulimi uliotafunwa. Naye Randa tangu jana jioni hakuwa ameonja kitu.

"Mara ngapi, kaka?"

"Sinywi."

"Hata kidogo?"

"Mimi mtu wa chai."

Msimamizi alicheka puani. "Fomu usiifunge bado, mama. Sina haraka."

Saa sita mchana ikapita. Mkono uliobaki mzima ukaanza: kidole gumba, kisha kiganja, kisha meno nayo yakagongana. Aliukalia. Ukutani vilianza kutambaa vitu vidogo vyeusi, akafumba macho.

"Unatetemeka," sista alisema kwa upole. "Huna la kuniambia?"

Randa alimtazama msimamizi, aliyekuwa amekwisha vuta kiti.

"Ni baridi tu, sista."

Sista akaleta blanketi. Msimamizi aliinuka upesi, akalipokea kwa mikono miwili, akamfunika mwenyewe mpaka kidevuni, akachomeka pindo zote chini ya godoro. Kisha akakaa, akaangalia saa yake, akangoja mwili ujibu swali la sista.